Picha za kutisha mwezi mzima wa kumi: alama nazipima kwa kibaba, nimekosea?

BintiJamvini (Konde, Pemba)

Assalaam aleikum wenyewe.

Mwezi huu mie na mtoto wa ami yangu, yeye yuko mjini Unguja, Michenzani, tumeahidiana kutizama picha moja ya senema ya kutisha kila usiku mpaka tarehe 31, ile siku yao Wamarekani ya Halloween. Kila mtu anatizama kwao, asubuhi tunapeana alama kwa WhatsApp. Jana ilikuwa usiku wa 14 na tumeshagombana mara tatu, ndio nikaja hapa.

Wazo lilikuwa lake. Mie nilikubali kwa sababu karafuu zimeshika, na kila usiku baada ya Isha tunakaa ukumbini kuchambua mpaka saa tano. Mikono ina kazi, macho hayana. Nikasema bora na macho yapate yake.

Kwa wasiokuwa wa huku: karafuu ikichumwa inakuja na vikonyo vyake, na usiku ule ule itenganishwe, karafuu huku, makonyo kule, asubuhi ianikwe. Ukiiwacha kwenye gunia inashika moto, inageuka mpeta, na mpeta hauna bei. Basi tunakaa duara: Bibi, mke wa ami, wadogo zangu wawili na mie. Leptopu naiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, spika ndogo pembeni, kila mmoja na pakacha lake mbele yake.

Sasa ndugu yangu anatoa nyota. Nyota tatu, nyota tatu na nusu. Hiyo nusu ukimuuliza kaipata wapi hana jawabu. Mie nimepata kipimo changu usiku wa pili bila ya kukitafuta. Usiku wa mwanzo picha ilikuwa mbovu, jina lake sitaji, na tulipomaliza kila mtu ana pishi yake karibu nzima. Usiku wa pili tukaweka The Ring, ile ya Kimarekani ya 2002, ya mkanda wa video na siku saba. Nilipopima, pakacha langu halikufika vibaba viwili. Mdogo wangu, msichana anatoka kisimani anakuja mpaka anavuka kioo cha tivi, yeye kashika konyo moja hilo hilo vidoleni, hajalitupa wala hajalichambua. Nikasema hapa. Pishi ni vibaba vine. Picha ikikuwacha ukajaza pishi haina kitu. Ikikutoa na kibaba kimoja, ipewe haki yake.

Mgogoro wa mwanzo ulikuwa The Exorcist ya 1973. Ndugu yangu kaipa nyota tano, ananambia iliteuliwa kuwania Oscar kumi. Kwetu imetoka na pishi na ziada. Kitanda kinaruka, mtoto anasema kwa sauti ya mtu mzima, mie nawatafsiria huku jasho linanitoka, Bibi kainamia pakacha lake.

"Wamemuuliza anataka nini?"

"Hapana Bibi, wanamsomea, wanamtaka atoke."

"Hawajamuuliza katoka wapi? Hata chano cha sadaka hawakumwekea? Basi huyo hatoki."

Na akaendelea kuchambua. Padri anamwagia maji, Bibi anasikitika kwamba muda wote huo nyumba nzima hakuna alofukiza hata ubani. Baada ya hapo nani ataogopa? Wadogo zangu walikuwa wanasubiri tu Bibi atasema nini.

Halloween yenyewe, ya John Carpenter, 1978: vibaba vitatu. Bibi kauliza, kwani huyu mwendawazimu hana watu wake wa kumshika? Nikamwambia alikuwa na dada, kamuua mwenyewe mwanzo wa picha. "Basi hana." Na mdogo wangu kaona mti kama mnazi nyuma ya nyumba, na ati huko ni Illinois, kwenye baridi, majani yanapukutika.

Get Out ya 2017 ndiyo pekee ilosimamisha mikono ya Bibi, na si kwa khofu. Ule wimbo wa mwanzo, watu wananong'ona, mara Kiswahili! Bibi kainua kichwa. "Nani huyo?" Nikairudisha nyuma akasikiliza tena. Jina la wimbo ni Sikiliza Kwa Wahenga, katunga Mmarekani, Michael Abels. Bibi kafikiri, kisha kasema: "*Wasikilize* wahenga. Kwa wahenga ndio nini?" Hapo ndipo ilipotoka dakika nzima ya kazi, na mie sijui niihesabu kama kitisho au kama somo la lugha.

Mgogoro mkubwa ni usiku wa tisa. A Quiet Place, ya 2018, ya wale viumbe wasioona wanokuja kwa sauti. Ile familia inatembea bila viatu, hawasemi, na ukumbi wetu nao ukanyamaza, na ndani ya kimya kile tukaanza kusikia karafuu zetu. Chwa chwa chwa kwenye pakacha. Mke wa ami kapunguza mkono. Mdogo wangu kawacha kabisa. Mie nachambua moja moja naiweka chini taratibu kama yai. Na umeme ukazimika. Leptopu ina chaji, inaendelea, uso wa yule mama unamulika ukuta peke yake. Hapo hapo mlango wa uani: ko, ko, ko.

Alikuwa jirani, kaja kurudisha pishi yetu alioazima. Lakini mke wa ami kisharuka, pakacha lake juu ya langu, langu juu ya makonyo ya watu watano, vyote chini. Karafuu na makonyo tulioyatenga saa mbili nzima vikawa kitu kimoja tena. Tulichambua upya kwa tochi ya simu mpaka saa saba ya usiku.

Nimeandika: kibaba sifuri, alama ya juu kabisa. Ndugu yangu anasema umeme si sehemu ya picha, wala jirani.

Basi naomba mnambie, kipimo changu ni cha haki au si cha haki? Usiku wa tisa niuhesabu? Na zimebaki siku 17, nipeni picha za kumsimamisha Bibi mikono kwa khofu. Isiwe na uchafu, tunakaa na watu wazima na watoto. Na bando langu dogo.

---

BarazaLaVuga

Wa aleikum salaam bintiangu. Nimecheka mpaka kahawa imenipalia.

Kipimo chako mie nakiunga mkono. Sie enzi za senema ya Majestic hapa Vuga tulikuwa tukiingia na karatasi ya njugu. Picha mbovu, njugu zinakwisha kabla ya mapumziko. Picha nzuri, unatoka nje karatasi imejaa na imelowa jasho la mkono. Sikumbuki mtu kuniuliza nyota.

Lakini Halloween umeidhulumu, na nakwambia kwa nini. Carpenter mwenyewe ameeleza kwamba aliionesha kwa mkubwa mmoja wa studio kabla ya kutia muziki, na yule mwanamke hakutishika hata kidogo. Akenda akapiga muziki mwenyewe, ule wa kinanda unojirudia rudia kama mtu anokufuata hatua kwa hatua. Picha ile nusu yake ni masikio. Sasa wewe una spika ndogo, watu watano, mapakacha matano, na Bibi anauliza masuala. Muziki umeusikia? Irudie siku mvua haipo, spika iweke ndani ya ndoo tupu, kisha unambie.

Na mdogo wako ana macho. Ile picha ilipigwa California wakati wa majira yao ya kuchipua, majani ya kupukutika walikuwa wakiyapaka rangi, wakiyamwaga barabarani, kisha wakiyaokota watumie tena. Hela hakuna, yote iligharimu dola laki tatu na kitu. Hata kile kinyago cheupe ni cha dukani, sura ya Captain Kirk wa Star Trek, wakaipaka rangi nyeupe, wakaitanua matundu ya macho. Ukishajua hivyo unaitizama kwa jicho jengine, mie naona inazidi kutisha, maana hana sura ya mtu yoyote.

Kwa bando lako: Night of the Living Dead, ya George Romero, 1968. Haina rangi, na kisheria haina mwenyewe, kwa sababu walipobadilisha jina lake walisahau kuweka ile alama ya hakimiliki. Unaishusha bure bila ya dhambi. Watu wamejifungia nyumbani, maiti wako nje, na mabishano yote ni juu ya kwenda chini kwenye ghala au kubaki juu. Bibi atakuwa na rai yake, nakuapia.

---

Ukweli_Mchungu

Dada yangu, kwa heshima. Halloween inatuhusu nini sisi? Tuna sikukuu zetu mbili zinatutosha. Baada ya Isha ni kulala au kusoma, si kuwaitia watoto mashetani ukumbini.

---

BintiJamvini

Kaka ahsante kwa nasaha, nimeipokea. Boga huku kwetu tunalipika kwa nazi, hatulichongi macho, na hapa nyumbani hakuna alovaa kinyago. Ama kulala baada ya Isha, hilo kamwambie mwenye shamba.

---

PopoWaKidike

Na hilo boga lenyewe si la asili. Sikukuu chanzo chake ni Ireland, na huko walikuwa wakichonga mizizi fulani jamaa ya figili, mikubwa. Walipohamia Marekani ndio wakakuta maboga, ni laini zaidi kuchonga. Nalisema tu, sina upande.

Usiku wa tisa uhesabu. Jirani kaja kwa sababu ya pishi, pishi ndio kipimo, kwa hiyo kipimo chenyewe ndicho kilogonga mlango.

---

Maalim_Chake

Mie nasomesha hesabati, mnisamehe.

BintiJamvini, hujatwambia usiku usio na picha mnachambua kiasi gani. Bila ya hiyo, pishi moja ni nyingi au kidogo? Huenda mkikaa kimya kimya mnachambua pishi mbili, na hata ile picha mbovu ya usiku wa mwanzo imekuibia nusu. Chukua usiku mmoja, zima leptopu, pima. Huo ndio mwanzo wa hesabu.

Halafu kuna hili la kutafsiri. Picha ya Kiingereza mdomo wako unafanya kazi, na mtu anosema mikono yake inapungua, nenda kamtizame mshona makuti anapopiga soga. Ukienda kwenye picha yenye maandishi ya chini ndio balaa, macho yako yanasoma, mdomo unatafsiri, mikono imelala, na picha inapata sifa isiyostahiki. Pakacha lako wewe ulitupe nje ya hesabu kabisa. Wadogo zako pia, hao wanatizamana wao kwa wao kuona nani kaogopa. Pakacha la haki nyumba nzima ni moja tu, la Bibi. Hasomi maandishi, hana wa kumuonea haya, na umesema mwenyewe mikono yake haijasimama kwa khofu.

Usiku wa tisa haumo. Karafuu zilizochanganyika haziwezi kupimwa, hiyo si sifuri, hiyo ni kukosekana kwa jawabu. Mwanafunzi akilowanisha karatasi ya mtihani simpi sifuri wala mia.

Picha nakupa mbili. Under the Shadow, ya Babak Anvari, 2016, kwa lugha ya Kiirani: Tehran wakati wa vita na Iraq, mama na bintiye kwenye jengo la ghorofa, kombora limeanguka juu halikuripuka, na tangu siku hiyo kuna kitu kimeingia. Nyengine ya Indonesia, Pengabdi Setan, ya Joko Anwar, 2017. Hiyo nyumba yao iko karibu na makaburi, na ni nyumba ya Waislamu. Hakuna padri wa kumlaumu humo.

---

MamaMicheweni (Muscat)

Mie mzaliwa wa Micheweni, miaka mingi sasa niko Muscat, lakini hizo karafuu nimezinusa kutoka huku.

Mnanikumbusha 1995. Nilikuwa skuli, mdogo. Mwaka ule, kabla ya uchaguzi, yule pepo ambaye usiku hatumtaji, mwenye mbawa za popo, alikuwa ndio habari ya kisiwa kizima. Tulikuwa hatulali ndani. Watu wanatandika mikeka uwanjani, nyumba tano sita pamoja, moto unawaka mpaka alfajiri, wanaume wanapokezana kukesha. Mama alikuwa akiamka kila baada ya muda anatugusa vichwa, moja, mbili, tatu, nne. Mie nilikuwa wa tatu. Nilijifunza kutosinzia mpaka anifikie, kisha nalala. Mchana darasani nusu ya watoto vichwa viko juu ya madawati na mwalimu hasemi kitu, yeye mwenyewe macho mekundu.

Sisemi alikuwepo wala hakuwepo. Kule Unguja khofu ile ilifika mahala watu wakamuua mtu mgonjwa wa akili wakimdhania ndie yeye. Hilo ndilo linonitisha mpaka leo, si mbawa.

Binti, Bibi yako mwaka ule alikuwa Konde? Alilala nje? Mtu wa namna hiyo unamletea msichana wa kisimani. Lakini kama hiyo The Ring imewapata, itafuteni asili yake, Ringu ya Kijapani, 1998. Haina haraka. Kimya chake si kizuri.

---

BlokiNambaYangu (Michenzani)

Mie ndie mtoto wa ami. Nimetumiwa hii na watu watatu.

Kwanza, nusu nyota inapatikana kama hivi: picha ikinitisha lakini mwisho wake ukaharibu, nakata nusu. Si siri. Nimemwambia.

Pili, tuache mzaha, The Exorcist si haki kuipima mbele ya Bibi. Bibi amekaa kwenye ngoma za kupunga pepo tangu yuko msichana, hiyo ni kama kumuonesha mvuvi picha ya bahari. Picha inatakiwa itizamwe na mtu alokuwa peke yake, kwa utulivu, na spika za masikioni. Mimi ndivyo ninavyotizama.

---

PopoWaKidike

Taa umewasha au umezima?

---

BlokiNambaYangu (Michenzani)

Hilo halihusiani.

---

BintiJamvini (Konde, Pemba)

Nimerudi na majawabu. Maalim, nimefanya kama ulivyosema, kuanzia usiku wa 15 napima pakacha la Bibi tu.

Usiku wa 15 sikuwasha kitu. Tulikaa tunasikiliza nyenje. Bibi: pishi moja na kibaba kimoja. Kwa hiyo ule ndio mkono wake, na nilikuwa nadanganywa, maana usiku wa The Exorcist alichambua hivyo hivyo.

Usiku wa 16, Night of the Living Dead ya mzee wa Vuga. Bibi kweli alikuwa na rai: wakae ghalani, wafunge, wasubiri alfajiri, na yule mwenye mke na mtoto mgonjwa ana roho mbaya lakini kasema kweli. Mwisho wake sisemi, ingawa ni ya 1968. Nitasema tu kwamba yule kijana mweusi, Duane Jones, mwisho wake ulipofika Bibi hakusema kitu mpaka tukazima, kisha kasema "Wale si maiti waliomfanya vile." Pishi moja kasorobo. Vibaba viwili vimekwenda na hayo.

Usiku wa 17, ile ya Kiirani. Hapa nataka kusema kidogo. Mwanzo Bibi anachambua kama kawaida, king'ora kinalia, wanashuka chini kujificha, anauliza nani anawapiga. Kisha wakaanza kuzungumza habari ya majini, kwamba wanakuja na upepo, na mie natafsiri, "wanasafiri na upepo." Bibi kasema, "Pepo. Upepo. Hilo si neno moja?" Nimelisema neno hili maisha yangu yote, mtoto kapatwa na upepo, fulani ana pepo, na sikuwahi kuyaweka maneno haya mawili pamoja. Na mwanasesere wa mtoto akapotea. Bibi kawacha karafuu mapajani. "Kishachukua kitu chao. Sasa hata wakihama anawafuata." Alilisema kabla picha haijalisema. Picha ilipolisema, wadogo zangu wakamtizama yeye badala ya leptopu.

Vibaba vitatu. Na nilimuuliza habari ya 1995, mama wa Muscat. Kasema walilala nje siku nyingi, na kwamba wewe huna haja ya kujua zaidi usiku huu, chambua.

Jana, usiku wa 18, tukaweka ile ya Indonesia.

Nilikosea tangu mwanzo kwa kuianza mapema, kabla hatujamaliza kuingiza majamvi yote. Lugha yenyewe ikamuingia Bibi bila ya mkalimani: setan, kafahamu, kubur, kafahamu. Mama wa nyumba mgonjwa kitandani ana kengele yake ya kuitia watu, anakufa, wanamzika hapo hapo karibu, na kengele inaendelea. Mpaka hapo Bibi bado anachambua, lakini polepole. Kisha kuna mahala binti wa nyumba anasali, kavaa nguo nyeupe ya sala, peke yake chumbani. Sielezi. Mke wa ami alijifunika uso kwa kanga. Bibi mikono imebaki juu ya pakacha, wazi, viganja juu, na karafuu tatu nimeziona zimelala kwenye kiganja chake na haziendi popote. Hiyo ndiyo khofu, au ni adabu ya sala, sijui, lakini ilikuwa muda mrefu.

Saa nne na nusu matone kwenye bati. Mke wa ami akasema ndani ya kanga, "Jamvi la nyuma."

Jamvi moja tumelisahau nje, nyuma ya jiko. Tuko wanne wenye nguvu zetu. Nikamtizama mdogo wangu mkubwa, yeye akatizama mdogo wake, mdogo wake akajifanya anatafuta konyo. Mie nikasema naiweka picha isimame kwanza, kama kwamba picha ndiyo inonizuia. Bibi akainuka. Akachukua tochi, akafungua mlango wa uani, akatoka peke yake, tunasikia kandambili zake zinakokota kwenye tope, kisha hatuzisikii, kisha tunazisikia. Akaingia na jamvi kalikunja kama mtoto, nusu limeshalowa. Akalitua. Akageuka akautia mlango komeo. Komeo ile hatuifungi, imeota kutu, ilimbidi aigonge kwa mchi.

Nikamuuliza, "Bibi umeona nini?"

"Mvua." Akakaa. "Haya washa, tuone wanavyomaliza."

Hakushika karafuu tena mpaka mwisho. Pakacha lake: kibaba kimoja na nusu. Zilolowa ni kama pishi tatu, leo tumezitandaza ukumbini na chumba cha wageni zisije zikageuka mpeta, nyumba yote inanuka utadhani duka la mtu wa udi.

Maalim, hizo pishi tatu nazitoa au naziwacha?

---

Maalim_Chake

Zitoe. Kibaba kimoja na nusu kutoa vibaba kumi na viwili, unapata hasi vibaba kumi na nusu. Yaani hasi pishi mbili na vibaba viwili na nusu. Nimesomesha miaka mingi, sijawahi kutoa alama hiyo.

---

BarazaLaVuga

Mchi! Allah amuweke Bibi. Na spika uliiweka kwenye ndoo?

---

BintiJamvini

Niliiweka. Mke wa ami anasema nisiirudie tena.

---

BlokiNambaYangu (Michenzani)

Nyota tano kamili, sikati nusu. Mwisho wake sijauona, niliizima kengele ilipolia mara ya pili. Bibi asijue.